Mnara wa Britam kwa mistari saba: unganisha Jupyter na Blender

Wewe mwenye laptopu ya mitumba na Blender ndani, niambie ukweli. Mteja akikupigia saa nne usiku akitaka nyumba zote 40 za mradi wake zipunguzwe kimo kwa mita mbili, unafanya nini? Wengi huketi hapo wakibonyeza nyumba moja baada ya nyingine hadi jogoo awike. Malipo ni yale yale, usingizi ndio unaenda.

Kumbe ndani ya Blender kumejengwa Python. Karibu kila kitufe unachobonyeza kina amri yake. Nenda kwenye mipangilio, washa Python Tooltips, kisha weka kipanya juu ya kitufe chochote; amri yenyewe itajitokeza.

Shida ni kuandikia msimbo ndani ya Blender. Kile kidirisha chake huendesha kila kitu kutoka juu hadi chini, na ukikosea kidogo unatafuta kosa kwenye dirisha jingine. Daftari la Jupyter linakupa seli. Unaandika mistari miwili, unaiendesha, unaona jibu, unasonga. Ulichotengeneza kwenye seli ya kwanza bado kiko hai ukifika ya kumi.

Njia za kuunganisha ni mbili. Ya kwanza ni kusakinisha Blender kama maktaba ya Python, kwa amri ya pip install bpy. Faili ni mamia ya megabaiti, kwa hivyo usijaribu na bando ya shilingi ishirini, tafuta Wi-Fi. Pia toleo la Python lazima lilingane: bpy 4.2 inataka Python 3.11, si nyingine. Hapa hakuna dirisha la Blender. Unapata picha tu, ndani ya daftari.

Ya pili ndiyo tamu. Kuna kifurushi kinaitwa blender_notebook. Ukikisakinisha na kukionyesha Blender yako iko folda gani, Jupyter inapata kerneli mpya. Ukiichagua, Blender inafunguka nzima nzima, na kila seli unayoendesha kwenye kivinjari inabadilisha kitu pale pale mbele ya macho yako.

Jaribu na Nairobi:

import bpy
minara = [("KICC", 105), ("Times Tower", 140), ("UAP Old Mutual", 163), ("Britam", 200)]
for i, (jina, kimo) in enumerate(minara):
    bpy.ops.mesh.primitive_cube_add(size=1, location=(i*60, 0, kimo/2))
    b = bpy.context.view_layer.objects.active
    b.scale = (30, 30, kimo)
    b.name = jina

Hizo namba ni mita. Ni maboksi tu, najua, lile paa la KICC halipo. Lakini angalia ile kimo/2. Blender hupima boksi kutoka katikati, kwa hivyo ukiacha sufuri hapo, nusu ya kila mnara inazama ardhini. Zile nyumba 40 za mteja? Ni mzunguko kama huu, namba moja inabadilika, unalala.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo watu hulia: Ctrl+Z. Ukirudisha hatua nyuma ndani ya Blender, programu hupanga upya vitu vyake kwenye kumbukumbu, na ile b ya daftari inabaki ikielekeza mahali pasipo na kitu. Ukiigusa, Blender inaweza kuanguka na kazi yako yote. Dawa ni kuita kitu kwa jina kila mara, bpy.data.objects["Britam"], na kuhifadhi faili kabla ya kuchezacheza. Na dirisha likiganda seli nzito ikiendelea, tulia. Ni kawaida, Blender inasubiri msimbo wako umalize.

Bei? Sufuri, na si kwa sababu imeibwa. Kampuni iliyokuwa na Blender ilipoporomoka, Ton Roosendaal aliomba umma uchange euro 100,000 kuikomboa. Zilipatikana kwa wiki saba, na mwaka wa 2002 ikawa ya kila mtu. Filamu ya Flow, ya yule paka asiyesema neno, ilitengenezwa ndani yake na ikashinda Oscar mwaka wa 2025. Kwa hivyo mtu asikuambie hiyo ni programu ya wasio na doo.

Ukishapata minara minne, ongeza GTC ya Westlands kwenye orodha, mita 184. Ila futa ile ya zamani kwanza kabla ya kuendesha seli tena, la sivyo utakuwa na KICC mbili zimekaliana.