Mac Ikigoma Ofisini: Pima Kwanza, Lipa Fundi Baadaye

Bei ya korosho haimsubiri mwenye kompyuta mbovu. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya zao hilo imekuwa ikipita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mfanyabiashara wa Kibaha au Kisarawe anayekosa mtandao saa ya mnada hukosa bei ya siku, na bei ya siku ndiyo inayomwambia auze au ashike mzigo.

Kwa ofisi ndogo zinazotumia kompyuta za Mac, hasara huwa mara mbili. Kwanza biashara husimama. Pili, mwenye ofisi humlipa fundi nauli na ufundi kutoka Dar es Salaam, kumbe tatizo lilikuwa waya uliochomoka. Wengine huongeza bando wakati bando halijaisha. Kinga yake ni kujua kosa liko upande gani kabla ya kutoa fedha mfukoni.

MITANDAO NI MIWILI

Jambo la kwanza kutofautisha ni mtandao wa ndani ya ofisi na intaneti. Mtandao wa ndani ni kompyuta, printa, seva na ruta zilizounganishwa chini ya paa moja. Intaneti ni barabara ya kutoka nje.

Mfano mzuri ni wa Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna fundi wa Kibaha anayeweza kuunga mkongo ulio chini ya bahari. Lakini daftari la mauzo lililohifadhiwa kwenye seva ya ofisini hufunguka kama kawaida, kwa sababu halipiti baharini. Lisipofunguka, kosa ni la ndani.

HATUA NNE ZA KUPIMA

Anzia mezani kwako, kisha nenda nje hatua kwa hatua. Usiruke.

Moja: tazama umeme, waya na taa za ruta. Zima ruta, subiri nusu dakika, uiwashe tena.

Mbili: fungua mipangilio ya mtandao kwenye Mac na usome anwani ya kompyuta. Katika ofisi ndogo, anwani inayoanza na 192.168 au 10 kwa kawaida ni dalili njema. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa kuwa haikupata wa kuigawia. Hapo kosa liko kati ya Mac na ruta. Kampuni ya simu haihusiki.

Tatu: fungua programu ya Terminal na utumie amri ya ping kuita anwani ya ruta. Ikijibu, ita namba ya nje, kwa mfano 8.8.8.8. Ruta ikijibu na namba ya nje isijibu, kosa linaelekea kuwa kwenye intaneti: bando limeisha au kampuni ina hitilafu. Sasa una haki ya kupiga simu huduma kwa wateja.

Nne: ita tovuti kwa jina lake. Namba ikijibu na jina lisijulikane, mbovu ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa namba. Marekebisho yake ni ya dakika chache katika mipangilio ileile.

SEVA ISIPOONEKANA

Intaneti ikiwa nzima na seva haionekani, yapo mambo manne ya kukagua. Je, Mac inayotumika kama seva imelala? Iwekewe mpangilio wa kutolala, na kama ni ya mezani, ule wa kujiwasha yenyewe umeme unaporudi. Je, anwani yake imebadilika baada ya umeme kukatika? Ruta itengewe namba moja ya kudumu kwa ajili yake. Je, huduma ya kushirikishana mafaili imewashwa? Je, anayeingia ana ruhusa ya folda husika?

Mwenye ofisi Kibaha na ghala Kisarawe ana kipimo cha ziada. Kama wa Kibaha wanafungua mafaili na wa Kisarawe hawawezi, usiiguse seva. Kagua intaneti ya pande zote mbili, na uangalie kama anwani ya nje ya ofisi ya Kibaha imebadilika baada ya ruta kuzimika.

TAHADHARI KWA MNUNUZI

Soko la kompyuta zilizotumika lina mtego wake. Programu ya macOS Server, ambayo ofisi nyingi ziliijua kwa kazi za seva, ilisitishwa na Apple Aprili 21, 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2018, kampuni hiyo ilikuwa imeanza kuiondolea huduma kama barua pepe na DNS. Anayekuuzia Mac kwa bei ya juu kwa sababu "ina Server" anakuuzia kitu kisicho na matengenezo tena.

Aidha, mnunuzi hahitaji programu hiyo kwa kazi ndogo. Tangu toleo la High Sierra la mwaka 2017, kushirikishana mafaili, kuhifadhi nakala za akiba na kutunza masasisho vimo ndani ya mfumo wa kawaida wa Mac bila malipo ya ziada. Huduma hiyo ya mwisho huwezesha Mac moja kupakua sasisho mara moja na kuzigawia nyingine ofisini. Kwa anayelipia intaneti kwa bando, hiyo ni akiba ya kweli.

Mac za zamani mno nazo ziogopwe. Zilizobaki kwenye toleo la 10.11 au chini yake zilianza kukataa tovuti nyingi salama baada ya Septemba 30, 2021, cheti kimoja cha usalama kilipoisha muda. Mnunuzi huweza kudhani mtandao ni mbovu, kumbe ni umri wa mashine.

Ushauri wetu: andika anwani ya ruta, anwani ya seva na namba ya huduma kwa wateja kwenye karatasi, uibandike ukutani. Fundi akiitwa, mweleze hatua ipi imekwama. Atafanya kazi kwa muda mfupi, nawe utalipa kidogo.