Mwanafunzi Mgeni Japani Apewe Zamu Mapema

Familia nyingi za Kijapani zinazopokea mwanafunzi wa kubadilishana huanza kwa kumdekeza. Hutangulizwa kuoga, hupakuliwa chakula kabla ya wengine, na akinyanyuka ili atoe vyombo mezani huambiwa aache, akae, safari ilikuwa ndefu. Wiki hukatika hivyo. Mwanafunzi huwaandikia wazazi wake kwamba ameangukia pazuri, na huenda ni kweli. Hata hivyo, ukarimu huo ukizidi siku chache humchelewesha. Kijana wa miaka 16 au 17 huzoea nyumba kwa kuwa na kazi yake ndani ya nyumba hiyo, hata iwe ndogo namna gani, na kazi hiyo humfaa kuliko zawadi na matembezi ya kwenda kutazama mahekalu.

Chukua suala la kuoga. Mtu hukaa kwenye kigoda, akajisugua na kujisuuza kabisa, ndipo anaingia katika beseni lenye maji ya nyuzijoto 40 hivi au zaidi kidogo. Sabuni haiingii humo. Maji ni yale yale kwa nyumba nzima: akitoka huyu anaingia yule, na katikati beseni hufunikwa ili joto lisipotee. Katika nyumba nyingi hata yanayobaki hayamwagwi, huvutwa kwa pampu ndogo mpaka kwenye mashine ya kufulia. Sasa mgeni aliyepewa heshima ya kuoga wa kwanza akimaliza na kuchomoa kizibo, amepoteza maji ya moto ya familia yote, pengine lita 200. Mwenyeji mara nyingi hatamwambia. Atajaza upya kimya kimya na kutabasamu, na kesho kosa litarudiwa. Lakini mwanafunzi aliyekabidhiwa kazi ya kusugua beseni hilo na kulijaza jioni, kazi ambayo watoto wengi wa huko hupewa, hujua thamani ya yale maji bila kuhubiriwa.

Taka ndizo zinazoonyesha jambo hili wazi zaidi, kwa sababu huko kosa la mgeni hutoka nje ya mlango. Mji wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, uliotangaza mwaka 2003 kwamba unataka kufikia hali ya kutozalisha taka kabisa, huwataka wakazi wazitenganishe katika makundi zaidi ya 40. Huo ni mji mdogo na wa kipekee. Kwingine makundi ni machache. Lakini hata mjini kwa kawaida chupa ya maji huvuliwa kifuniko, ikabanduliwa lebo, ikasuuzwa, na kila aina ya taka ina siku yake. Mfuko hupelekwa asubuhi, mara nyingi kabla ya saa 2, kwenye kituo cha pamoja chenye wavu wa kuzuia kunguru. Uliochanganywa huachwa hapo hapo ukiwa na kibandiko cha onyo, majirani wakiuona. Kwa kuwa vituo vingi hutunzwa na jumuiya ya mtaa, lawama haimwendei kijana asiyejua kusoma maandishi ya Kijapani, inaiendea nyumba anayoishi. Kumkinga na kazi hiyo kwa upole ni kumwacha awe mzigo bila yeye kujua.

Ajabu ni kwamba Wajapani wenyewe huwalea watoto wao kinyume cha wanavyomlea mgeni. Shuleni wanafunzi hufagia na kupiga deki madarasa yao wenyewe, na katika shule za msingi hupakuliana chakula cha mchana kwa zamu, wamevaa kofia na aproni. Mwanafunzi mgeni hupewa ufagio darasani pamoja na wenzake, na hapo hakuna anayeona kwamba ameonewa. Akirudi nyumbani jioni anakuwa tena mtu wa kuandaliwa.

Wapo watakaosema kijana amechoka, amepishana na usingizi kwa saa kadhaa, na lugha haijui. Apumzike, sikatai, wahenga wetu nao walimpa mgeni siku mbili kabla ya jembe. Ama lugha, kazi ndiyo inayoifundisha. Anayeanika nguo na mama mwenyeji husikia amri fupi zile zile kila siku, na vitu vyenyewe viko mkononi.

Pingamizi zito zaidi ni la unyonyaji. AFS, shirika lililotokana na madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa vitani na lililoanza kubadilishana wanafunzi wa sekondari mwaka 1947, hutegemea familia zisizolipwa kwa kumpokea mgeni. Familia isiyolipwa inaweza kushawishika kujilipa kwa jasho la mgeni wake. Kwa hiyo kipimo kiwe mtoto wa rika lake katika nyumba hiyo: afanye anachofanya huyo, asizidishiwe. Mratibu wa shirika katika eneo hilo aiulize familia, katika wiki ya kwanza, zamu ya mwanafunzi ni ipi, na amuulize mwanafunzi swali hilo hilo akiwa peke yake. Kuosha bakuli za chakula cha jioni hakuna ubaya. Kugeuzwa mwalimu wa Kiingereza wa bure wa watoto wa nyumba, kila usiku mpaka saa 4, ni sababu tosha ya kumhamishia familia nyingine.