Vishikio vya Shokapu kwa Lori Kuukuu

Mwanachama wetu aliyeko Ibadakuli, Shinyanga, atuuliza namna ya kuchongesha vishikio vya shokapu kwa lori lake kuukuu la Bedford. Twamjibu hapa, kwani malori yetu ya karafuu nayo si vijana.

Asikimbilie kuchomelea. Kwanza apime nafasi baina ya ekseli na chesisi, lori likiwa tupu na likiwa na shehena kamili. Kisha ainyanyue chesisi kwa jeki mpaka springi zilegee. Ile raba inayoizuia ekseli iguse kabla shokapu haijafika mwisho wake. La sivyo, shokapu ndiyo itakayopokea uzito wa magunia yote, na kishikio king'oke njiani, pengine na wapagazi wamekaa juu.

Bamba liwe nene, lifungwe kwa bolti ubavuni mwa chesisi. Kuchomelea ukingo wake wa chini hudhoofisha chuma, na ufa huanzia hapo hapo.