Comrade, Cheki Vile Biringanya Imeoza Ilifika Hospitali Kubwa London, Ndio Ujue Mbona Projekti ya Mwaka wa Nne Haitoshi

Kama uko mwaka wa nne, hii stori unaijua. Semista inaisha, projekti inadaiwa, msimamizi wako hashiki simu. Hapo ndio unaskia kuna msee wa cyber karibu na geti ya campo anauza projekti imeshachapwa, imefungwa na kava ngumu, kazi yako ni kubadilisha jina na namba ya usajili. Mwaka jana ilikuwa ya mtu mwingine. Mwaka ujao itauzwa tena.

Sasa ona maajabu. Mwaka wa 2024 ilitoka filamu inaitwa The Shadow Scholars. Ndani yake kuna Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya, akibonga na vijana wa Nairobi wanaoandikia wanafunzi wa majuu insha na tasnifu kwa malipo. Manze, jiulize. Kama kijana wa hapa anaweza kukesha akichimba mada hajawahi kusomea, aitume asubuhi na mtu wa ng'ambo apate A, mbona digrii yake mwenyewe ilimpa nafasi moja tu ya kufanya utafiti, tena dakika za majeruhi?

Vichwa ziko. Shida ni vile kozi zimepangwa. Miaka mitatu unaandika noti, unameza, unatapika kwa karatasi ya mtihani, unasahau. Halafu mwaka wa nne unaambiwa ghafla, haya, leta swali lako mwenyewe. Swali gani na hujawahi kuulizwa unawaza nini? Ni kama kufunzwa kuogelea ubaoni miaka mitatu, kisha utupwe Likoni siku ya mtihani.

Kuna mahali wamepindua hii mambo. Mwaka wa 2008 huko Marekani, taasisi ya Howard Hughes Medical Institute ilianzisha kozi inaitwa SEA-PHAGES, ikishirikiana na maabara ya profesa Graham Hatfull wa University of Pittsburgh. Ni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndio, mafreshi. Unatoka nje unachota udongo. Unaupeleka maabara, unatafuta ndani yake faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Ukiipata, unaipatia jina unalotaka. Muhula unaofuata unasoma jeni zake na kuandika kila moja inaonekana kufanya nini, na hiyo taarifa inaingia kwa hifadhi ambayo wanasayansi wa dunia nzima wanaweza kufungua.

Cheki tofauti na praktiko zetu, zile majibu yako kwa kitabu na kila kikundi kinajua kemikali itageuka rangi gani. Kwa hiyo kozi hata lec hajui utapata nini. Na huwezi kukopi, kwa sababu udongo wako si udongo wa jirani.

Sasa biringanya. Mwaka wa 2010, mwanafunzi wa University of KwaZulu-Natal, Durban, Afrika Kusini, alichukua sampuli chini ya biringanya iliyokuwa inaoza. Akapata faji, akaiita Muddy. Ikawekwa kwa mkusanyiko wa Hatfull kule Pittsburgh, ikakaa. Miaka ikapita. Kisha kukatokea msichana London, mgonjwa wa mapafu tangu utotoni, amepandikizwa mapafu mawili, halafu bakteria sugu wakasambaa mwilini na dawa zote zikakataa. Madaktari wakaomba msaada Pittsburgh. Kwa mkusanyiko wote zikapatikana faji tatu za kumfaa, na Muddy ilikuwa kati yao. Mwaka wa 2018 akaanza kudungwa. Hakupona kabisa, tusidanganyane, lakini vidonda vilianza kufunga na akaendelea na maisha nyumbani. Ripoti ikatoka kwa jarida la Nature Medicine mwaka wa 2019. Hiyo safari ilianza na mboga ya kutupwa na mtu wa campo mwenye kazi ya darasa.

Utasema sisi hatuna maabara kama hizo. Sawa, lakini si kila kozi inahitaji maabara. Chukua takwimu au uchumi. Kila mtu Nairobi anajua nauli inapanda mvua ikinyesha, lakini inapanda kwa kiasi gani, njia gani, saa ngapi? Kikundi kimoja kichukue Rongai, kingine Kayole, kingine Githurai. Muandike nauli asubuhi, jioni, siku ya jua na siku ya mvua, semista nzima. Mafreshi wa mwaka ujao waendelee mlipoachia. Baada ya miaka minne hiyo idara itakuwa na data ambayo hata serikali itaomba. Na hapo hakuna ChatGPT itakusaidia kusimama steji ukihesabu mathree.

Wasee wa fasihi na sanaa, nyinyi mko na mfano hapa karibu. Idara ya Kiingereza ya Makerere ilikuwa na jarida la Penpoint tangu 1958, likichapisha kazi za wanafunzi. Ngũgĩ wa Thiong'o alitolewa hadithi humo akiwa bado comrade, na mwaka wa 1962, hajamaliza digrii, tamthilia yake The Black Hermit ikapanda jukwaani National Theatre, Kampala. Hakungoja kuhitimu. Linganisha na kozi ambayo unasoma tamthilia kumi na hujawahi kuandika hata onyesho moja.

Kwa upande mwingine, lec mwenye wanafunzi 300 hawezi kusahihisha maswali 300 tofauti, na sitamlaumu. Ndiyo maana njia ya swali moja kubwa, kila kikundi na kipande chake, inaingia akilini. Kitu kingine cha kuwa rada ni majina. Kazi ya darasa ikigeuka kuwa makala ya jarida, kila aliyekusanya data atajwe. Hiyo mkubaliane na lec mapema, kwa maandishi, kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Unajua vile maksi hupotea, sasa fikiria jina.

Kama unataka kuanza semista hii, usingoje senati ikae. Asainmenti ijayo ikija, mwendee lec umuulize kama unaweza kujibu kwa data umekusanya mtaani kwenu badala ya kurudia noti. Ukienda kuhoji watu, omba ruhusa yao kwanza, usiandike majina, na kama kazi itatoka nje ya darasa uliza idara kuhusu kibali cha maadili na leseni ya NACOSTI. Weka data yako mahali mbili, laptop za campo huibiwa. Na tafadhali, mambo ya kukuza bakteria fanyia maabara, si keja. Mwenye nyumba hana ucheshi.