Meno ya Hudhurungi na Maji ya Nakuru

Mgeni afikapo Nakuru, Njoro au Elementaita huona upesi kwamba watu wengi waliokulia huko wana meno yenye mabaka ya hudhurungi. Wako wadhanio kuwa ni uchafu, na hujaribu kuyasugua kwa mchanga au kwa maji ya ndimu. Dhana hiyo si ya kweli, na dawa hiyo ni ya hatari.

Asili ya mabaka hayo ni maji. Mawe ya Bonde la Ufa yalitoka katika volkano, nayo yana madini yaitwayo floraidi. Maji yaliyo chini ya ardhi huyayeyusha madini hayo, na visima virefu huyaleta juu. Shirika la Afya Duniani lashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Visima vingi vya Nakuru hupita kiasi hicho.

Gamba gumu la jino limejengwa kwa kalsiamu na fosfati. Mate huwa yameshiba madini hayo hayo, kwa hiyo kwa kawaida jino haliyeyuki. Lakini tindikali ikizidi kinywani, yaani kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, mate hayatoshi tena kulilinda, na gamba huanza kuyeyuka. Floraidi kidogo huliimarisha lisishindwe na tindikali. Ikizidi wakati meno yanapojengwa ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, gamba hutoka na vitundu vidogo sana, ambavyo baadaye hushika rangi. Basi ndimu huyeyusha gamba lenyewe, na mchanga hulikwangua. Gamba lililopotea halioti tena.

Yafaa wazazi wajue pia kuwa kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Lililo jema ni kuwapa watoto wadogo maji ya mvua yaliyokingwa na kutunzwa safi, au yaliyochujwa kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi ya vichujio hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Makaa hayo huchoka baada ya muda, na hapana budi yabadilishwe.

Mtoto mwenye meno ya hudhurungi asichekwe wala asiadhibiwe kana kwamba ni mvivu wa kupiga mswaki. Meno ya nduguye mdogo bado yaweza kuokolewa kwa maji mema.