Goma: Mkaratusi unaweza kukerezwa, ila fundi asiwe na haraka

Mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni vigumu siku kupita bila mtu kugusa mkaratusi. Ndio ubao wa nyumba nyingi zilizosimama juu ya mawe ya volkano. Ndio makala, yaani makaa, yanayochemsha maharage jikoni. Na pamoja na mti mgumu uitwao mumba, ndio unaounda chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoteremsha viazi na kabichi kutoka Kibumba, na ambacho mji umekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu.

Lakini linapokuja suala la kukereza, yaani kuuzungusha mti kwenye mashine na kuuchonga kwa patasi hadi uwe bakuli, mguu wa kiti au kinara cha mshumaa, mkaratusi una sifa mbaya. Hupasuka na kujipinda, na kazi ya siku nzima huishia motoni.

Sifa hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote.

Tatizo linaanzia shambani

Mkaratusi ulitoka Australia na hukua kwa kasi kubwa. Kasi hiyo huacha mvutano ndani ya shina: sehemu ya nje inavuta na ya katikati inasukuma. Mti ukiwa umesimama, nguvu hizo zinalingana. Msumeno ukipita, zinaachiliwa, na gogo linaweza kufunguka kama nyota kwenye ncha zake ndani ya siku chache.

Jambo la pili ni maji. Mkaratusi mbichi umejaa maji, na ukikauka hunywea kuliko miti mingi ya seremala. Ukianikwa juani, upande wa nje hukauka wakati wa ndani bado umelowa, na nyufa hutokea. Aidha, moyo wa mti mchanga ni laini na dhaifu, kwa hiyo kitu kinachochongwa kikiwa na moyo ndani yake mara nyingi hupasuka.

Kukereza ungali mbichi

Dawa inayojulikana kwa wakereza wa nchi nyingi ni kutosubiri. Gogo hukatwa refu kuliko linavyohitajika, na ncha zake hupakwa nta au rangi nzito siku hiyo hiyo ili maji yasitoke kwa haraka. Kisha hupasuliwa katikati, na sehemu yenye moyo hutupwa kwenye kuni.

Bakuli hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza mti ukiwa mbichi, kwani wakati huo patasi hupita kwa urahisi. Ukuta huachwa mnene, takriban sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25 libaki na ukuta wa sentimita 2.5. Hufunikwa kwa karatasi au vumbi la mbao, likawekwa kivulini kwa miezi kadhaa. Fundi hulipima kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Kwa wakati huo litakuwa limejipinda na kuwa na umbo la yai. Hapo hurudishwa kwenye mashine kwa mara ya pili na kumaliziwa.

Mkaratusi mkavu ni mgumu na huchosha makali, kwa hiyo patasi hunolewa mara kwa mara na fundi afunike pua na mdomo dhidi ya vumbi. Ukivumiliwa hivyo, hutoa mbao nzito inayong'aa vizuri kwa mafuta au nta.

Kwa vitu vyembamba, kama miguu ya stuli na mipini, kazi ni nyepesi zaidi, mradi nyuzi za mti ziwe zimenyooka.

Mti upi ukatwe?

Swali hili lina uzito Goma, kwa sababu mji unapakana na Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925 na kongwe kuliko zote barani Afrika. Msitu wake umeliwa kwa miaka mingi na biashara ya makala. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala, uliowahimiza wakulima wa kando ya hifadhi kupanda miti yao wenyewe, mikaratusi ikiwemo. Kila kiti kinachotoka kwenye mti wa kupandwa ni sababu moja pungufu ya kuingia msituni na shoka.

Umeme nao umesogea karibu tangu kituo cha maji cha Matebe, Rutshuru, kilipozinduliwa 2015, na mashine ya kukereza haihitaji lazima jenereta.

Kikwazo kinachobaki ni muda. Kisiki cha mkaratusi huchipua tena, na machipukizi ya miaka michache yanatosha kwa nguzo na makala. Bakuli linahitaji shina nene, na shina nene linahitaji familia iweze kusubiri. Katika milima ambako vita vimewahamisha watu mara kwa mara, mwenye shamba hana hakika kwamba atakuwepo mti ukikomaa. Basi huukata mapema na kuuza gunia la makala.

Mbao inafaa. Anachokosa mwenye mti ni utulivu wa kuungoja.