Kadi, Mzigo wa Ng'ambo na Uongo Unaompotezea Mnunuzi Haki

Malipo ya kadi kwa muuzaji wa ng'ambo hubeba mikataba kadhaa kwa mpigo: wa mnunuzi na muuzaji, wa mnunuzi na benki iliyompa kadi, na ule wa benki zenyewe na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard. Pampu ya sola iliyolipiwa Takaba, Mandera Magharibi, Kenya, ikakosa kufika kutoka Guangzhou, kila mkataba una jibu lake, na wengi hupoteza pesa kwa kubisha mlango usiofaa.

Swali linaloulizwa tena na tena ni hili: mtu akitapeliwa, si aiambie benki tu kwamba muamala haukuwa wake? Ushauri huu hupita WhatsApp na kwenye vibaraza vya maduka, na wapo mawakala wanaoutozea ada kama huduma ya "kurudisha pesa". Ni ushauri wa kuangamiza, na haukubaliki hata pale mnunuzi anapokuwa amedhulumiwa kweli.

Pingamizi la muamala lina mafungu, na kila fungu lina ushahidi wake. "Sikuidhinisha" maana yake ni kwamba mwizi ameitumia kadi. "Mzigo haukufika" na "bidhaa si ile iliyoelezwa" ni mashtaka mengine kabisa. Mnunuzi aliyeingiza OTP, yaani namba ya siri ya mara moja, kutoka simu yake ameacha alama: namba iliyopokea ujumbe, saa, na mara nyingi hata kifaa chenyewe. Tena muuzaji akitumia uthibitisho huo, hasara ya madai ya wizi kwa kawaida humtoka yeye ikaiangukia benki iliyotoa kadi. Benki inayojua kwamba itabeba hasara yenyewe haitaacha kuuchunguza muamala huo, na dai la uongo hufia hapo.

Ubaya haukomi hapo. Aliyekwisha kuandika kwamba hakununua chochote atadai vipi wiki mbili baadaye kwamba alikuwa akiusubiri mzigo? Barua pepe alizomwandikia muuzaji zinamkana. Ilhali dai la kweli lilikuwa na nguvu tangu mwanzo, kwa kuwa katika fungu la "mzigo haukufika" ni muuzaji anayetakiwa kuonyesha kwamba alipeleka. Mnunuzi ameacha kesi ya kushinda akashika ya kushindwa. Na yule aliyepokea mzigo wake kisha akaukana ili arudishiwe pesa anajiweka mbele ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kupata mali kwa udanganyifu, ambacho adhabu yake hufika kifungo cha miaka 3. Wakala naye hana mlango ambao mwenye kadi hana. Akiomba namba ya kadi au OTP, huyo ni mwizi wa pili.

Imani nyingine ni kwamba sheria ya kadi ni moja duniani kote. Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo kwa Wateja ya 1974 humfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000, na mwaka 2007 Baraza la Malodi liliamua kwamba ulinzi huo unafuata hata manunuzi ya nje ya nchi. Ndugu aliye London anaweza kuutumia kwa alichonunua yeye kwa kadi yake ya mkopo. Hauhamii Mandera Magharibi kwa sababu tu kadi ya Takaba ina nembo ileile.

Takaba, kwa wengi wanaojiepusha na riba, kadi yenyewe si ya mkopo. Ni ya benki inayokata akaunti moja kwa moja, au ni kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022 na inayokata salio la M-Pesa. Tofauti hiyo ni ya kisheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya 2012, inayomfikia mnunuzi aliye Kenya hata muuzaji akiwa nje, inaposema juu ya kumwomba mtoa kadi afute malipo baada ya mkataba kuvunjwa kihalali, inataja kadi ya mkopo. Mwenye kadi isiyo ya mkopo hutegemea zaidi kanuni za mtandao wa kadi, ambazo ni mkataba tu, na zenye muda: kwa kawaida siku 120. Malalamiko huanzia kwa aliyetoa kadi.

Shida kubwa ya eneo hili ni anwani. Mzigo wa Takaba huandikiwa ghala la msafirishaji Dubai au Guangzhou, au duka la Eastleigh, kisha hupanda basi au lori. Karani wa ghala akishaweka sahihi, muuzaji amefikisha. Kinachopotea baada ya hapo ni kesi ya msafirishaji, na kadi haina neno, isipokuwa msafirishaji mwenyewe alilipwa kwa kadi.

Kadi kukubali malipo pia si ruhusa ya kuingiza kitu. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, dawa za binadamu zina Bodi ya Famasia na Sumu, dawa za ngamia zina mamlaka yake ya mifugo. Mzigo ukikamatwa na forodha kwa kukosa kibali, muuzaji hana deni.

Mengine ni ya haraka. Picha ya tangazo na masharti ya kurejesha bidhaa ihifadhiwe kabla ya kulipa. Muuzaji aandikiwe kwanza, kisha benki, kwa maandishi, na namba ya lalamiko ichukuliwe. Benki ikikaa kimya, ipo Benki Kuu, na ipo Mahakama ya Madai Madogo kwa yasiyozidi shilingi milioni 1. Ushuru na VAT ya asilimia 16 vihesabiwe mapema. Pesa zikirudi, hurudi kwa kiwango cha siku hiyo: dola 200 zilizolipwa Januari 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160, zilirudi Aprili kama shilingi 26,000 badala ya 32,000, na tofauti hiyo haidaiwi kwa muuzaji aliyerudisha dola zote.